Plastiki Ndani ya Lami: Hesabu Yake, Joto Lake na Mahali Kazi Inapoharibikia

Chukua barabara ya kilomita 1, upana mita 7, tabaka la lami la sentimita 5. Hizo ni mita za ujazo 350. Lami iliyoshindiliwa vizuri ina uzito wa tani 2.4 hivi kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo unahitaji tani 840. Ndani yake kokoto, mchanga na vumbi la mawe ni kama asilimia 95. Bitumeni, ile gundi nyeusi inayoshika mawe pamoja, ni asilimia 5, yaani tani 42. Sasa plastiki ikichukua nafasi ya asilimia 8 ya bitumeni hiyo, ambacho ndicho kiwango cha juu kwenye mwongozo wa India wa lami yenye plastiki, utatumia tani 3.36 za plastiki. Kilomita nzima, basi, inakula plastiki isiyofika hata nusu ya mzigo wa lori la tani 7.

Anayewaahidi watu kwamba jaa la taka la Mwakirunge, Mombasa, litamalizwa kwa kujengea barabara hajapiga hesabu hii. Tani 3.36 ni taka kidogo mno kwa mji wa ukubwa wa Mombasa. Lakini hizo hizo tani 3.36 zinabadilisha tabia ya tani 840 za lami, kwa heri au kwa shari. Ndiyo sababu jambo hili linafaa kuangaliwa kama kazi ya barabara kwanza, na faida ya usafi ije nyuma yake.

Kuna vitu vitatu vinavyobeba jina la barabara ya plastiki, na vikichanganywa mazungumzo hayafiki popote. Kuna masanduku matupu ya plastiki yanayounganishwa na kulazwa chini kuwa njia. Uholanzi ilijenga kipande cha njia ya baiskeli cha mita 30 kwa mtindo huo mjini Zwolle mwaka 2018. Kuna kabro za plastiki iliyoyeyushwa na kuchanganywa na mchanga, ambazo zinafaa uani, kwenye vibaraza na njia za miguu, wala hazina uhusiano na lami. Na kuna lami ya kawaida kabisa, nyeusi ile ile, ambayo sehemu ndogo ya bitumeni yake imebadilishwa na plastiki. Ukipita juu yake kwa gari huwezi kuijua. Hii ya tatu ndiyo tunayoizungumzia hapa.

Kwa nini plastiki, na kwa nini Pwani

Bitumeni inayotumika sana kwa lami ya moto ni ya daraja la 60/70. Kwenye kipimo cha maabara inaanza kulainika kati ya nyuzi 49 na 56 za Selsiasi. Mombasa mchana wa Februari au Machi, hewa ikiwa nyuzi 32 au 33 na jua la utosi, uso wa lami unaweza kukaribia nyuzi 60. Maana yake ni kwamba kwa saa kadhaa kila siku barabara inafanya kazi huku gundi yake imekwisha kulegea.

Barabara yenye tuktuk na matatu pekee inavumilia. Barabara ya trela haivumilii. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye magurudumu manne, na kanuni ya wahandisi inayokadiria madhara ya uzito inasema yanapanda kwa kipeo cha nne: ekseli iliyozidisha mzigo kwa asilimia 20 inaumiza barabara mara mbili ya ile halali. Ongeza mwendo wa kutambaa. Trela iliyokwama kwenye foleni ya kuingia bandarini, Changamwe au Port Reitz, inakandamiza sehemu moja kwa dakika badala ya sekunde, na bitumeni iliyolegea ikikandamizwa kwa muda mrefu husogea. Hapo ndipo inapotokea mifereji miwili ya magurudumu, lami iliyosukumwa ikivimba pembeni na maji ya mvua yakilala katikati.

Plastiki za jamii ya polithini zinaifanya gundi iwe ngumu zaidi kwenye joto. Kiwango cha kulainika kinapanda, na mifereji inachelewa kuchimbika. Hii ndiyo faida iliyo wazi, na kwa mji wa joto wenye trela nyingi si ndogo.

Upande wa pili wa shilingi ni kwamba ugumu si unyumbufu. Ile polima ya mpira ambayo viwanda vya bitumeni hutumia, SBS, inainyumbua lami ikakubali kukunjwa kisha ikarudi. Polithini haina tabia hiyo, inakaza tu. Nchi za baridi zinaogopa lami iliyokazwa kwa sababu inapasuka wakati wa baridi kali. Mombasa hatuna baridi, lakini tuna misingi dhaifu, na lami ngumu juu ya msingi unaobonyea hupasuka mtandao mzima wa nyufa kabla hata haijapata nafasi ya kuonyesha ubora wake kwenye joto. Kwa hiyo kabla ya kuuliza plastiki ipi, pima msingi.

Njia mbili za kuitia

Njia kavu ndiyo iliyoenea zaidi, na ilitokea Madurai, kusini mwa India, kwa Profesa Rajagopalan Vasudevan wa Thiagarajar College of Engineering. Hataza yake, yaani haki ya uvumbuzi huo, ilipatikana mwaka 2006. Mwaka 2013 Indian Roads Congress, chombo cha wahandisi wa barabara wa India, ilitoa mwongozo wa njia hiyo, IRC:SP:98, na mwaka 2018 profesa akatunukiwa nishani ya Padma Shri. Katika njia hii plastiki haiguswi na bitumeni kwanza. Inamwagwa juu ya kokoto za moto, inayeyuka na kuzivisha ngozi nyembamba, kisha bitumeni inafuata na kushika juu ya ngozi hiyo. Ngozi hiyo inasaidia kuzuia maji yasipenye kati ya jiwe na gundi. Uzuri mwingine ni kwamba kiwanda cha kawaida cha lami kinatosha. Hakuna mtambo mpya wa kununua zaidi ya wa kukatakata plastiki.

Njia ya majimaji inayeyusha plastiki ndani ya bitumeni yenyewe, kwa mashine yenye visu vinavyozunguka kwa kasi kubwa, mpaka iwe kitu kimoja. Afrika Kusini, huko Cliffdale karibu na Durban, mwaka 2019 kilitandazwa kipande cha zaidi ya mita 400 ambacho chembechembe za plastiki ngumu ya chupa za maziwa zilichukua nafasi ya asilimia 6 ya bitumeni. Kwa kadirio lao hizo zilikuwa chupa za lita 2 zipatazo 40,000. Njia hii inatoa gundi iliyo sawa zaidi, ikidhibitiwa. Tatizo lake ni kwamba polithini nyepesi ina msongamano wa 0.92 na bitumeni 1.02 hivi (maji ni 1), na hazipendani kikemia. Ukiacha kukoroga, plastiki inapanda juu na kukaa kama samli juu ya mchuzi uliopoa. Chini ya tangi unabaki na bitumeni tupu, juu una utando mzito unaoziba pampu.

Maabara hulipima hilo kwa kujaza gundi kwenye mrija, kuuweka wima ndani ya tanuri la nyuzi 163 kwa saa 48, kisha kuugandisha, kuukata vipande vitatu, na kulinganisha kiwango cha kulainika cha kipande cha juu na cha chini. Tofauti ikizidi nyuzi 2 na ushei, gundi hiyo haistahimili kuhifadhiwa. Kwa hiyo muuzaji akikuambia atakuletea bitumeni yenye plastiki kwenye mapipa, ikiwa imekaa wiki kadhaa melini na nyingine kwenye yadi, mwombe matokeo ya kipimo hiki kabla ya bei.

Kwa mazingira ya Mombasa tunaona njia kavu inafaa kuanzia. Haitegemei tangi lenye mkorogo usiozimwa, wala umeme usiokatika.

Plastiki ipi

Mwongozo wa India ulitungwa kwenye nchi iliyojaa mifuko ya dukani. Kenya mifuko hiyo ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, kwa hiyo ukinakili mradi wa Madurai neno kwa neno utatafuta malighafi ambayo haipo. Kilichobaki ni pakiti za maziwa, karatasi za plastiki za mkate, vifungashio vya kreti za soda na maji, na mitungi, ndoo na vifuniko. Na kuna kimoja ambacho Mombasa inacho kuliko miji mingi: zile karatasi nyororo za plastiki za kuzungushia mizigo kwenye paleti. Magodauni ya Shimanzi na Changamwe na yadi za makontena huzitoa kwa mafungu, zikiwa safi, kavu, za aina moja. Ni polithini, zinayeyuka kwenye nyuzi 120 hivi, na hakuna mabaki ya chakula ndani yake. Tungechagua kilo moja ya hizo kuliko kilo tano za plastiki iliyookotwa ufuoni.

Plastiki ya ufuoni inapendeza kwenye picha tu. Imeungua kwa jua mpaka imekauka na kuvunjika, ina chumvi, na ina mchanga uliojibana kila mkunjo. Mchanga unafanya visu vya mashine kuwa butu kwa siku chache. Chumvi ikibaki inavuta maji, na maji ndiyo adui wa kwanza wa gundi kwenye jiwe. Mwongozo wa India unataka vumbi na uchafu visizidi asilimia 1 ya uzito. Ili plastiki ya ufuo wa Bamburi ifike hapo lazima ioshwe kwa maji matamu, ikaushwe kabisa na kukung'utwa, na gharama hiyo mara nyingi inazidi thamani ya bitumeni iliyookolewa.

Mitungi na ndoo ni plastiki nzuri kwa lami, ila ina wanunuzi tayari. Mtungi uliosagwa unarudi kuwa mtungi au beseni. Kuuzika barabarani ni kuushusha daraja, na mwokota taka anayeuuza kwa kilo atapunjwa mradi ukija na bei ya chini. Chupa za maji na soda nazo zina soko, na hata zisingekuwa nalo hazifai: zimetengenezwa kwa PET, ambayo haiyeyuki mpaka kama nyuzi 250, wakati lami inachanganywa kwenye 165. Zikitiwa zinabaki vipande vigumu visivyoshika, ambavyo vinang'oka na kuacha vishimo.

Magunia ya kusukwa na kamba za kufungia makatoni ni polipropilini, na hapa wengi hujikwaa. Inaonekana kama polithini, inaelea kama polithini, lakini inayeyuka kwenye nyuzi 160 hadi 165. Kokoto za nyuzi 165 zikikutana nayo tayari zimeanza kupoa, na unapata mabonge ya nyuzi zilizolainika nusu. Kwa kazi ya kwanza iache kabisa.

Ile ya kukataa bila mjadala ni PVC: paipu, ngozi za nyaya, vitambaa vya meza vya plastiki, mabango makubwa ya matangazo (na ya uchaguzi, ambayo hujaa kila baada ya miaka mitano), viatu vingi vya plastiki, pakiti za vidonge. Ikipashwa moto inatoa gesi ya haidrojeni kloridi, inayochoma macho na mapafu ya wafanyakazi na kula chuma cha mtambo. Mwongozo wa India unaikataza waziwazi. Kipande kimoja cha bango ndani ya gunia la karatasi safi kinatosha kuharibu mkupuo mzima, yaani lami yote inayochanganywa kwa mara moja.

Kutenganisha hakuhitaji maabara. Unahitaji ndoo ya maji baridi yenye tone la sabuni. Kata kipande cha ukubwa wa ukucha, kizamishe, kisugue kwa vidole mpaka mapovu ya hewa yatoke, kisha kiachie. Polithini na polipropilini zina msongamano chini ya 1, zitapanda juu. PVC na PET ziko kwenye 1.3 na zaidi, zitazama. Sabuni ni ya lazima. Bila hiyo karatasi nyembamba hushikilia hewa na kuelea hata kama ni PVC, na mtu huandika matokeo ya uongo bila kujua. Jihadhari pia na plastiki ya povu, inaelea kwa sababu ya hewa iliyomo na si kwa sababu ya aina yake.

Ukibaki na shaka, tumia waya wa shaba. Uchome mpaka mwali usiwe na rangi, ubonyeze kwenye plastiki ungali wa moto ili ushike kidogo, urudishe motoni. Mwali ukigeuka kijani kuna klorini, na hiyo karibu kila mara ni PVC. Fanya hivyo nje, upepo ukiwa mgongoni, kwa kipande kimoja kimoja.

Karatasi zenye ngozi ya alumini, kama za biskuti, mwongozo wa India unazikubali zikiwa na unene usiozidi maikroni 60. Zinafanya kazi, lakini hazikai kwenye kundi moja la ubora na karatasi za paleti, kwa hiyo zipimwe peke yake.

Kiwandani

Plastiki safi na kavu inakatwa mpaka ipite chekeche la milimita 2.36 na ibaki kwenye la milimita 0.6. Ubaya ni kwamba karatasi laini haipendi kukatwa. Visu vikiwa butu vinaipasha joto kwa msuguano, inaanza kushikana na kutoka ikiwa mabonge. Dawa ni visu vikali, kulisha mashine kidogo kidogo na kupumzisha, au kuipitisha plastiki kwenye mashine inayoigeuza kuwa punje ndogo ngumu. Punje zinagharimu zaidi, ila utaona hapa chini zinaepusha nini.

Kiwanda kinachochanganya kwa mikupuo ndicho rahisi zaidi. Chukua mkupuo wa tani 1 wenye bitumeni asilimia 5. Gundi yote ni kilo 50. Kwa asilimia 8, plastiki ni kilo 4 na bitumeni kilo 46. Kilo 4 za vipande vya karatasi laini zinaweza kujaza gunia zima, na ndiyo maana mtu anayetia kwa kukadiria kwa macho hukosea sana. Pima kilo 4 kwenye mizani mapema, zifungwe kwenye mifuko ya zile zile karatasi za paleti, kisha kanuni iwe mfuko mmoja kwa mkupuo mmoja. Mfuko nao unatupwa humo humo, uzito wake umeshahesabiwa.

Kokoto zinaingia kwenye kinu cha kuchanganyia zikiwa nyuzi 160 hadi 170. Plastiki inafuata, na mikono ya kinu inazungusha kwa sekunde 30 hadi 60 kabla ya bitumeni kufunguliwa. Muda huu ndio mwendeshaji mwenye haraka anaoukata, kwa sababu kila sekunde inapunguza tani zake za siku. Ukikatwa, plastiki haijamaliza kuyeyuka, bitumeni inaifunika ikiwa bado vipande, na lami inatoka na madoa ya plastiki yasiyo na kokoto. Ukifunguliwa mlango wa kinu kwa sampuli kabla ya bitumeni, mawe yawe yanang'aa pande zote na pasionekane hata kipande kimoja kinachopepea. Kisha bitumeni ya nyuzi 155 hadi 165 inamwagwa na kuchanganywa kama kawaida.

Kipimajoto kiwe cha kuaminika na kiangaliwe kila mkupuo. Chini ya 150 plastiki haivishi mawe vizuri. Ikipanda kuvuka 180, bitumeni yenyewe inazeeka na kuwa kavu kabla haijafika barabarani, moshi unaongezeka, na faida yote unaipoteza. Plastiki ikianza kutoa harufu kali machoni, usiongeze barakoa ukaendelea. Simamisha, angalia joto, na angalia kama kuna PVC imepenya.

Kiwanda cha pipa linalozunguka kina mtego wake. Mwali wa moto umo ndani ya pipa hilo hilo, na feni kubwa inavuta moshi na vumbi kwenda kwenye mifuko ya kuchujia. Karatasi nyepesi ikitupwa na kokoto baridi mwanzoni mwa pipa, sehemu inaungua kwenye mwali, nyingine inapeperushwa na kwenda kunata kwenye mifuko ya chujio. Chujio likiziba, uvutaji unapungua, na moto wa pipa unaharibika. Pia hujui tena ni asilimia ngapi ya plastiki imebaki kwenye lami. Kwa mtambo huu plastiki lazima iingizwe kwa mlango wa katikati, ule wa kurudishia lami ya zamani, nyuma ya mwali, na iwe punje nzito zisizopeperuka.

Njiani na kwenye kutandaza

Lami yenye plastiki inakaza haraka kuliko ya kawaida inapopoa, kwa hiyo muda wa kushindilia unafupika. Bitumeni tupu inakusamehe kuchelewa kidogo, lakini polithini ikishuka kuelekea nyuzi 110 inaanza kuganda, na rola baada ya hapo linakuna tu uso.

Kwa Mombasa hili lina maana ya moja kwa moja. Kiwanda kikiwa upande wa Miritini na kazi iko Likoni, lori linasubiri feri au linazunguka kwa barabara ya Dongo Kundu. Foleni ya saa nzima juani haipashi lami joto, inaipoza, hasa kingo na sehemu ya juu. Panga kazi ya upande huo usiku au alfajiri, funika mzigo kwa turubai nene lililofungwa mpaka pembeni, na usimame na kipimajoto cha kuchoma kwenye lori kabla ya kumwaga. Chini ya nyuzi 140 rudisha. Mkandarasi atalia, lakini lami baridi iliyotandazwa itamliza zaidi. Na bodi la lori lisipakwe dizeli ili lami isinate. Dizeli inayeyusha gundi. Maji ya sabuni yanatosha.

Anza kushindilia nyuma tu ya mashine ya kutandazia, na umalize mizunguko yote kabla ya nyuzi 115 hivi. Baada ya hapo kata vipande vya silinda kutoka barabarani na upime nafasi za hewa. Mchanganyiko wa maabara unalenga asilimia 3 hadi 5. Barabarani ukikuta 9 au 10, maji yatapita ndani, na hakuna ngozi ya plastiki itakayookoa.

Kisichoponywa na plastiki

Mvua kubwa za Aprili na Mei zikikuta mtaro umeziba, maji yanasimama pembeni mwa barabara na kupanda kwenye msingi kutoka chini. Lami ya juu, iwe na plastiki au bila, inabaki juu ya matope. Vivyo hivyo kokoto: jiwe la matumbawe la Pwani ni laini kwa tabaka la juu, ndiyo maana mawe magumu huletwa kutoka machimbo kama ya Jaribuni, Kilifi. Ngozi ya plastiki inaonekana kuliboresha jiwe dhaifu kwenye kipimo cha maji, na mtu anaweza kushawishika kutumia la bei rahisi. Chini ya ekseli ya tani 10 litasagika ndani ya ngozi yake.

Swali la chembechembe ndogo za plastiki kuingia baharini lina uzito kwenye kisiwa. Matairi yenyewe yanamwaga chembe nyingi kuliko kitu kingine barabarani, lakini hiyo si sababu ya kuongeza. Tunapendelea plastiki iwekwe kwenye tabaka la pili kutoka juu, si lile linalosuguliwa na tairi. Mifereji ya magurudumu huzaliwa ndani ya sentimita 10 za juu, kwa hiyo faida haipotei sana, na uso unaosuguliwa unabaki bila plastiki. Mifano mingi ya majaribio imeweka plastiki kwenye uso; kwa mji wa mwambao tunaona ni kosa.

Kupima baada ya kazi

Kipimo cha Marshall ndicho kila mtu hukitaja: silinda la kipenyo cha milimita 101.6, linaloloweshwa nusu saa kwenye maji ya nyuzi 60 kisha kubanwa. Lami yenye plastiki mara nyingi hutoa namba kubwa sana hapa, na namba hizo ndizo huingia kwenye vijitabu vya kampuni. Usiridhike nazo. Zinaonyesha ugumu, na ugumu tulishajua upo. Dai kipimo cha gurudumu, ambacho kinaviringisha tairi mara maelfu juu ya bamba la lami ya moto na kupima kina cha mfereji. Dai pia kipimo cha maji: silinda zilizoloweshwa zibaki na angalau asilimia 80 ya nguvu ya zile kavu.

Halafu kuna kipimo kinachowagombanisha mkandarasi na mhandisi mshauri bila sababu. Kupima kiasi cha bitumeni, maabara huosha sampuli kwa kimiminika kinachoyeyusha bitumeni. Kimiminika hicho hakiyeyushi polithini kikiwa baridi, kwa hiyo plastiki inabaki kwenye mawe na kuhesabiwa kama jiwe. Matokeo yanasema bitumeni ni pungufu. Ukitumia tanuri la kuchoma, bitumeni na plastiki vyote vinaungua, na matokeo yanasema gundi ni nyingi. Mkataba useme mapema ni njia ipi itatumika na namba ipi ya gundi inatarajiwa kwa njia hiyo, pamoja na sampuli ya mfano iliyochanganywa maabara kwa kilo zinazojulikana.

Na mwisho, aina ya plastiki, asilimia yake, tabaka lilipo na kilomita zake ziandikwe kwenye kumbukumbu za barabara, iwe ya KeNHA (mamlaka ya barabara kuu), KURA (mamlaka ya barabara za mijini) au kaunti. Miaka 10 au 15 baadaye mtu atakuja kuikwangua lami hiyo na kuitia tena kwenye pipa la moto, na joto atakalolitumia linategemea kujua kilichomo.